Zamu ya Kungoja

Mimi si mtu wa kukaa. Tangu nianze kuandika haya nimeshainuka kuangalia maji jikoni, nikafungua dirisha, nikaona baridi inaingia, nikalifunga, kisha nikasahau niliinukia nini. Jirani yangu hapa Majengo, mama mmoja wa Kiislamu anayekaanga mahamri mlangoni kwake, husema nina siafu miguuni. "Mwalimu, keti basi! Hata chai inakuogopa," huniambia, nami humjibu nikiwa nimeshafika kona. Nayasema haya mapema ili uelewe nilivyopandwa na hasira siku mama yangu aliponiambia nikae.

Kazi yangu ni kufundisha Kiingereza. Nina chumba cha kukodi juu ya duka la viatu mjini Nyeri, na wanaokuja kwangu ni vijana wakubwa, wengine wana watoto tayari, wote wanatafuta kazi ng'ambo. Kuna mtihani wa Kiingereza wanaotakiwa kuupita kabla ya kuondoka. Wapo wanaoenda Ulaya kutunza wazee wa watu, wapo wanaoenda Uarabuni kuendesha magari. Nawafundisha nikitembea huku na huku na chaki mkononi, mpaka msichana mmoja wa benchi la mbele akaniambia shingo inamuuma kwa kunifuata.

Asubuhi hiyo ilikuwa ya mwezi wa saba, ile baridi yetu ya kuvaa sweta juu ya sweta, na ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye mabati. Somo lilikuwa maneno mawili, "wait" na "expect". Watu wetu huyachanganya bila aibu. Mtu atakwambia "I am expecting you at the stage" na tayari amesimama pale stendi, mvua inamnyeshea, amekunja uso.

"Lakini hizo si ni kitu moja, Mwalimu?" akauliza kijana mmoja anayejiandaa kwenda kuendesha lori.

"Si kitu kimoja hata kidogo."

"Kuexpect si ni kuwa na mimba?" akadakia mwingine kutoka nyuma, na darasa likaangua kicheko.

"Hiyo ni kazi yake moja," nikamwambia, "lakini leo hatuzai. Sikilizeni."

Nikawaeleza nilivyozoea kueleza. "Wait" ni neno la mwili. Anayengoja unamwona kwa macho: amekaa, amesimama, ameegemea ukuta, ameacha mambo yake mengine. Na lenyewe haliwezi kwenda mbali bila "for" nyuma yake, kama mzee na mkongojo. "Expect" ni neno la kichwa. Unaweza kumtarajia mgeni huku unafua, unalima, unagombana na mwenye nyumba, na hakuna atakayejua. Tena lina ukali wake. Bosi akikwambia "I expect you at eight", hajakubembeleza, ameshakupangia. Anayetarajia amekuwekea alama kichwani, na usipoifikia utamsikia. Anayengoja hana makuu. Anajiumiza mwenyewe tu.

Nikawaambia watunge sentensi. Yule msichana wa shingo akainua mkono.

"Mimi naiwait visa, Mwalimu," akasema. "Lakini kuiexpect, wacha tu."

Wenzake walicheka, naye hakucheka. Nikageukia ubao nikajifanya nafuta kitu. Nilikuwa na mifano tele ya mtu anayetarajia bila kungoja. Huu wa kungoja bila kutarajia nilikuwa nao nyumbani kwetu Wamagana, wala sikutaka kuutia darasani.

Ndipo simu ikalia. Alikuwa rafiki ya mama yangu, mama mmoja wa kanisa lao, ambaye tulikuwa tumepatana ampeleke hospitali siku iliyofuata.

"Amekataa tena," akasema.

"Amekataa nini?"

"Kwenda. Anasema hawezi kutoka mji wake ukabaki bila mtu. Njoo uongee naye, mimi nimeongea mpaka mate yameisha."

Nikawaaga wanafunzi kabla saa haijafika. Sikumbuki hata kama nilifunga dirisha.

Mama yangu alikuwa anapofuka. Jicho la kushoto lilikuwa limezimika zamani, na la kulia lilikuwa limeingia mtoto wa jicho, akawa anaona watu kama nguo zilizoanikwa kwenye ukungu. Daktari alikuwa amesema lile la kulia bado linaokoka, ila akizidi kukaa nalo huenda likaharibika kama mwenzake. Madaktari wa upasuaji wa macho walikuwa wamekuja mjini kwa juma hilo tu. Ukiwakosa, unarudi kwenye foleni ya mwaka mzima na usijue utafika mwisho wake ukiwa unaona au la.

Na aliyekuwa anamzuia ni mtoto wake mwingine, ndugu yangu mdogo, kitinda mimba wetu.

Kikwetu mtoto hupewa jina la mzazi wa mzazi wake. Mimi ni binti wa pili, kwa hivyo nina jina la mama mzazi wa mama yangu, na tangu niko mchanga mgongoni yeye huniita Mami. Ndugu yangu ni mvulana wa pili, akapewa jina la baba yake mama, naye huitwa Baba. Ukituingilia pale nyumbani bila kujua mila zetu utachanganyikiwa: ajuza anaita mtoto wake Mami, na mtoto anamjibu Mama. Wakubwa wetu wawili wana nyumba zao mbali, baba yetu alishafariki, kwa hivyo kwa miaka mingi mji ule ulikuwa wa mama, Mami na Baba.

Baba alienda Uarabuni kuendesha lori. Nilimfundisha Kiingereza mwenyewe, kwenye kile kile chumba cha juu ya duka la viatu, na alikuwa mwanafunzi mvivu mwenye mdomo mtamu. Mwanzoni alikuwa akipiga simu kila Jumapili baada ya ibada. Halafu ikawa sikukuu kwa sikukuu. Halafu akasema mkataba ukiisha anakuja, "Mwambie Mama aweke chai." Tangu hapo simu yake haijapatikana tena. Mtu mmoja aliyerudi kutoka huko alisema alimwona, mwingine akasema alihamia mji mwingine. Hakuna aliyetuambia amekufa, na hakuna aliyetuambia anakuja.

Mama akaweka chai. Kwetu hakuna nyumba isiyo na themosi ya chai mezani, mgeni asije akakuta jiko limelala. Yeye akawa na mbili. Moja nyekundu ya mtu yeyote anayepita, na moja ya buluu ya Baba. Kila asubuhi alipika chai ya maziwa, akajaza zote mbili, na ile ya buluu hakuna aliyeigusa. Jioni aliimwaga kwenye sahani ya mbwa, akaiosha, akaifunika. Mbwa yule alinenepa kwa chai ya mtu aliye ng'ambo. Kisha mama alibeba kistuli chake akakaa karibu na geti, kwenye ua wa miiba wa kaiyaba, uso kwa barabara, na hata alipokuwa haoni tena barabara alikaa vile vile akisikiliza.

Mimi niliona kichaa. Nasema ukweli, ilinichoma roho. Kila Jumamosi nilikuwa naenda Wamagana na sukari na mkate, nafua mablanketi, napasua kuni, namkatia ng'ombe majani, na Baba ndiye alikuwa anawekewa themosi! Nilikaa nikimtarajia apige simu, nikamkasirikia kwa kila Jumapili iliyopita kimya. Mama hakuwahi kumkasirikia. Hilo nalo lilinikera.

Nilipofika Wamagana nilimkuta mama jikoni akichambua maharagwe kwa vidole, rafiki yake amekaa kando amekunja mikono.

"Mama, nimesikia umekataa kwenda."

"Sijakataa. Nimesema Baba akija nitaenda."

"Na asipokuja?"

"Kwani wewe unajua haji?"

"Sijui! Hakuna anayejua! Lakini jicho halimngojei mtu. Akija ukiwa kipofu utamwona na nini? Na masikio?"

"Nitamshika uso."

"Woi, Mama!" Nikainuka, nikazunguka jiko, nikaketi, nikainuka tena. "Tutafunga mlango siku mbili tu. Unaenda kesho, wanakupasua, unarudi jioni na bandeji. Kesho kutwa unaenda wanaitoa. Kisha basi. Tutamwachia jirani maagizo. Ana simu, ana miguu, ana mdomo. Akifika atauliza."

Mama akaacha maharagwe. Alisema polepole, kama mtu anayehesabu mishono.

"Baba yangu naye alikuwa na miguu na mdomo."

Nilikuwa nikijua kwamba babu yangu alifia Kianyaga kwa dada yake, baada ya kuachiliwa kutoka kizuizini siku zile za kupigania uhuru. Hayo yalisemwa kwetu kama mambo ya kawaida, fulani alifia mahali fulani. Yaliyobaki nikayasikia siku hiyo, mimi mjukuu wake tayari nina mvi.

"Mama yangu alimngoja," akasema. "Alikaa, alikaa. Watu walimwambia huyo amekwisha, tafuta maisha yako. Hakutoka. Halafu siku moja akasema, leo wacha niende nikalime kwa watu, hatuna hata viazi. Nilikuwa mdogo, tukaenda na yeye. Akafunga mlango na waya. Tuliporudi tukaambiwa mtu wenu alikuwa hapa. Alikaa hapo kwa jiwe, akaona mlango umefungwa, akadhani tulihama ama tulikufa. Alikuwa mgonjwa tayari. Akasema ataenda kwa dada yake apate mahali pa kulala. Mama akafunga safari asubuhi. Akafika Kianyaga akakuta wanachimba."

Rafiki yake akasema, "Ngai!" Nadhani hata yeye hakuwa akijua.

"Siku moja tu," mama akasema. "Siku moja alienda shamba. Na alikuwa anamtarajia, usidhani alikuwa amemsahau. Alikuwa anamtarajia akiwa kule kwa viazi. Lakini hakuwa nyumbani."

Mimi ninayelipwa kwa kutofautisha maneno hayo mawili nilikuwa nimesimama jikoni kwa mama yangu, ambaye hajui Kiingereza zaidi ya "good morning", na nilichobaki nacho ni ubishi tu.

"Basi nitakaa mimi," nikasema. Nilisema kwa hasira, ili mradi nimalize mambo. "Nenda na rafiki yako. Mimi nitabaki hapa."

Mama akacheka, mara ya kwanza siku hiyo. "Wewe? Wewe ukae?"

"Nitakaa."

"Utaenda dukani. Utaenda kwa jirani. Utasema unaenda mtoni mara moja."

"Sitaenda popote!"

Akanyoosha mkono, akanitafuta, akanishika kifundo cha mkono. Vidole vyake vilikuwa na vumbi la maharagwe.

"Wewe ni Mami ama si Mami?"

"Ni mimi."

"Basi kaa kwa geti. Siku ile ulienda shamba. Kesho usiende."

Mzaha huo wa majina tunautumia kila siku kikwetu. Binti wa kwanza, mwenye jina la mama mzazi wa baba yake, akikataa uji mama yake humwambia, wewe mama mkwe umeanza. Lakini mama hakuwa anafanya mzaha, na mimi nilihisi nimebebeshwa kitu cha mtu aliyekufa kabla sijazaliwa. Nikasema, "Siendi." Nilisikia sauti yangu imekuwa ndogo.

Asubuhi akaniachia maagizo kuliko mwalimu mkuu. Jaza themosi zote mbili. Ya buluu uibadilishe adhuhuri, chai isilale. Usifunge mlango hata ukienda chooni. Usilale. Usikae kwa nyumba, huko husikii barabara. Halafu akaondoka ameshikwa mkono na rafiki yake, amevaa koti la kanisani, na pale kwenye kona ya chini akageuza uso nyuma ingawa haoni.

Nikavua wigi langu, maana moshi wa kuni ukishika wigi hautoki, nikaliweka juu ya kabati. Nikapika chai. Nikajaza. Nikakaa kwenye kistuli getini.

Mungu wangu. Sijui watu wanaoweza kukaa wameumbwa na nini. Nilianza kwa kung'oa magugu ninayoyafikia kwa mkono. Nikafagia mbele ya geti, nikafagia tena nilipokwisha fagia. Nikaleta maharagwe nikayamaliza. Simu nayo haikuwa na mtandao pale chini ya ua. Wanawake wenye vikapu vya majani chai walipita wakielekea kituo cha kupimia, wakanisalimia, "Leo ni wewe askari?" nikawajibu vizuri, wakapita, nikabaki. Nilimtukana ndugu yangu kimoyomoyo kwa Kikuyu, kwa Kiswahili, na kwa Kiingereza nilichomfundisha mwenyewe. Nilijiambia: mimi nangoja tu, simtarajii. Ni kazi ya mwili. Hata yule msichana wa benchi la mbele anaelewa.

Baada ya kubadilisha chai ya adhuhuri nilisikia bodaboda ikipunguza mwendo. Ikasimama upande wa pili wa ua. Mtu akashuka. Kupitia miiba ya kaiyaba niliona mguu wa suruali na begi kubwa jeusi likiwekwa chini, lile begi la mtu anayetoka mbali.

Nilitaka kuinuka, mimi nisiyejua kukaa, na sikuweza. Nikasikia nasema "Baba", na sauti haikuwa ya mtu asiyetarajia.

"Hodi, mama," mtu akasema, akichungulia. Alikuwa mzee kidogo, mgeni wa kule, amejaa jasho na baridi ile yote. "Niko na taa za sola hapa. Zinashika hata kukiwa na ukungu. Nikuonyeshe moja?"

Nikamtazama mpaka akarudi nyuma.

"Mama, uko sawa?"

"Niko sawa. Ingia unywe chai."

Nikammiminia ya themosi nyekundu. Alikunywa vikombe viwili, akasifu maziwa, akanionyesha taa zake zote, na sikumbuki hata moja ilivyokuwa. Alipoondoka nikalia. Nililia kwa uchungu wa Baba, na kwa hasira ya kulia, na kwa kuwa niligundua mama hupitia jambo hili kila pikipiki ikipunguza mwendo, kila siku ya Mungu, halafu mimi huja Jumamosi nikamwambia aache ujinga. Darasani nilikuwa nimesema anayengoja hana makuu. Hakuna mwili unaoweza kukaa getini bila kichwa kuja kukaa nao. Hilo sikulijua, na sina kitabu kilichonieleza.

Walirudi jua likielekea kushuka. Mama alikuwa na bandeji nyeupe kwenye jicho la kulia, kwa hivyo siku hiyo alikuwa kipofu kabisa, anaongozwa kama mtoto.

"Alikuja?" Hilo ndilo neno lake la kwanza.

"Hapana, Mama."

"Ulikaa?"

"Nilikaa."

"Hukuenda shamba?"

"Sikwenda popote. Nimefagia hapa mpaka udongo umelia."

Akaipapasa themosi ya buluu, akaitikisa kidogo asikie imejaa. Akaimwagia mbwa. Hakusema asante, na sikuitaka. Alilala mapema, chali kama alivyoagizwa.

Siku ya pili rafiki yake alikuja tena kumchukua ili bandeji itolewe. Mimi nikapika, nikajaza, nikatoka na kistuli. Baridi ilikuwa imezidi, nikachukua shali kuukuu ya mama, ile ya kahawia iliyokuwa ya mama yake, nikajifunga mabegani. Wigi nililisahau kule juu ya kabati.

Siku hiyo sikufagia. Sijui nini kilinipata. Nilikaa. Mikono ilikuwa mapajani, na bodaboda zilipita, na kila moja nilisikia inavyopanda na inavyoshuka, na moyo ulipiga pale ulipotakiwa kupiga. Lakini nilikuwa nawaza jicho. Je, kama wameondoa bandeji na hakuna kitu? Je, kama nimemlazimisha mtu wa watu kwenda kukatwa bure? Nilitazama ile kona ya chini mpaka macho yakaniuma. Mtu angeniuliza saa hiyo kama nilikuwa namkumbuka ndugu yangu, ningemdanganya kwamba ndiyo.

Ukungu ulikuwa umeinuka kidogo, barabara inaonekana hadi kwenye kona. Nikaona watu wawili wakitokea. Mmoja nguo ya kanisani. Walitembea mbalimbali kidogo, hakuna aliyemshika mwenzake mkono.

Mama akasimama.

Alisimama katikati ya barabara, mbali bado, mkoba umemning'inia mkononi. Alikuwa anatazama geti. Halafu akaita, na sauti iliyotoka haikuwa ya ajuza. Ilikuwa ya mtoto mdogo aliyepotea sokoni.

"Mami?"

"Niko hapa, Mama!"

Lakini hakuwa ameniita mimi. Nilijua alipoanza kukimbia, mwanamke wa umri ule, kwenye tope, na rafiki yake nyuma akipiga kelele kwamba daktari amekataza kukimbia. Alifika akashika geti kwa mikono miwili, akinihemea usoni. Jicho la kulia lilikuwa jekundu na lenye maji, na lilikuwa linanitazama. Lilizunguka kwenye nywele, kwenye shali, kwenye kistuli.

"Ni wewe," akasema. "Ni wewe, mtoto wangu. Haiya! Una mvi."

"Ninazo, Mama."

"Tangu lini?"

"Siku nyingi."

"Na hukuniambia."

"Ungeziona na nini?"

Akacheka, akafuta shavu kwa kiganja, akaonywa na rafiki yake asiguse jicho. Akanishika kichwa, akanigeuza huku na huku kwenye mwanga kama anayechagua kabichi. "Nilidhani ni yeye, mama yangu," akasema. "Nimeona mtu amekaa kwa geti na shali ile. Nikasema, hata yeye, basi alirudi kukaa." Kisha akageuka, akaitazama barabara aliyotoka, yote, mpaka kwenye kona. "Nimekaa hapa miaka hii yote. Sikuwahi kujua inaonekanaje ukiwa ndiwe unayekuja."

Nilingoja aniulize. Nilikuwa na jibu tayari mdomoni, lile la jana, hapana Mama, na nilikuwa naliogopa. Hakuuliza. Aliingia ndani bila kupapasa ukuta, akakaa mezani, akaziangalia themosi mbili kana kwamba anajua kwa mara ya kwanza rangi zake.

"Lete hiyo ya buluu," akasema. "Na vikombe."

"Ya Baba?"

"Ndiyo, hiyo. Ya kesho nitampikia kesho. Mimina, Mami. Leo aliyekuja ni mimi."